Barua ya wazi kwa wapangaji wa uchumi: Umbali wa Rukwa nao uingizwe kwenye hesabu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kilimo, Mheshimiwa Waziri wa Fedha, na Tume ya Mipango

Waheshimiwa,

Mimi ni mkulima wa mahindi na maharage kwenye uwanda wa Ufipa, mkoani Rukwa. Kabla ya kurudi moja kwa moja shambani nilikuwa karani wa ghala la chama kimoja cha ushirika, katika miaka ya themanini, wakati ambapo kazi ya karani ilikuwa kupima, kuandika stakabadhi na kutazamana na watu usoni malipo yanapochelewa. Nawaandikia kwa sababu Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa Julai 2025, sasa inapaswa kugeuzwa kuwa mipango na bajeti, na katika mazungumzo yote niliyoyafuatilia juu ya mageuzi ya kilimo nimesikia mengi kuhusu tani, masoko na mitaji, lakini machache sana kuhusu umbali. Ombi langu ni kwamba umbali uingizwe kwenye hesabu, kwa kuwa kwa miaka hamsini sasa ndio ulioamua mkoa upi unufaike na mageuzi na mkoa upi uyagharimie.

Nianze na jambo ambalo vijana wengi hawakulishuhudia. Katikati ya miaka ya sabini, baada ya upungufu mkubwa wa chakula wa mwaka 1973 na 1974, Serikali iliamua kwamba mahindi yanunuliwe kwa bei moja nchi nzima. Shirika la Taifa la Usagishaji, ambalo tulilijua zaidi kwa herufi zake tatu, NMC, lilinunua gunia la Laela, hapa kwetu Rukwa, kwa bei ileile ya gunia la Kilosa, mkoani Morogoro, na tofauti ya nauli likaibeba lenyewe. Zaidi ya kilomita 1,100 zilizopo kati ya Sumbawanga na Dar es Salaam zilifutwa kwa waraka. Mbolea nayo ilikuja kwa ruzuku. Matokeo yake ni kwamba mikoa minne ya Nyanda za Juu Kusini, yaani Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa, ambayo mwanzoni mwa miaka ya sabini haikuwa ikiuza mahindi mengi nje ya mipaka yake, ndani ya miaka kumi iligeuka kuwa ghala la Taifa. Rukwa yenyewe ilikuwa mkoa mchanga, ulioundwa mwaka 1974, na naweza kusema bila kutia chumvi kwamba ulikua pamoja na ile bei: plau za ng'ombe zilienea, watu wakafungua mashamba mapya, na mahindi, ambayo kwa wazee wetu yalikuwa nyuma ya ulezi, yakawa zao la biashara.

Sitaki mnielewe kama mtu anayetamani zama zile zirudi jinsi zilivyokuwa. Nauli ambayo mkulima hakuilipa ilikuwa ikilipwa mahali fulani: ilihamia kwenye madeni ya NMC, kutoka NMC ikahamia benki, na kutoka benki ikamrudia kila Mtanzania kwa njia ya bei zinazopanda na maduka yasiyo na bidhaa. Nami niliona upande wake wa chini kabisa. Niliandika stakabadhi nyingi ambazo wenyewe walizikunja mara nne, wakazitia mfuko wa shati, kisha wakanirudia nazo baada ya miezi, zimechanika kwenye mikunjo, wakiuliza kama fedha zimefika. Wakati huohuo mtu hakuruhusiwa kuhamisha zaidi ya kilo 30 za mahindi kutoka mkoa hadi mkoa bila kibali, yaani pungufu ya madebe mawili, kwa hiyo mama aliyekuwa akimpelekea mwanawe chakula Mbeya alipita kizuizini kama mhalifu. Utaratibu wa namna hiyo usingeweza kudumu, na ulipoanza kulegezwa tulifurahi kama watu wengine.

Ulilegezwa kwa hatua. Mwaka 1984 kile kikomo cha kilo 30 kilipandishwa hadi kilo 500. Mwaka 1986 Serikali ya Mzee Ali Hassan Mwinyi ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa juu ya mpango wa kufufua uchumi. Mwaka 1987 kikomo cha uzito kikaondolewa kabisa. Na ilipofika mwaka 1990 mfanyabiashara binafsi aliruhusiwa kununua mahindi kwa mkulima mwenyewe. Katika miaka hiyohiyo bei moja ya nchi nzima ikaachwa. Kisha, katika nusu ya kwanza ya miaka ya tisini, ruzuku ya mbolea ikapunguzwa mwaka hadi mwaka mpaka ikaisha. Wenye kupanga waliyaona haya kama mageuzi mawili tofauti, moja la soko na moja la bajeti. Kwetu yalikuwa pigo moja lenye mikono miwili, kwa sababu udongo wa uwanda wetu umelimwa muda mrefu na mahindi hayatoki bila mbolea: mbolea ilipanda bei kwa sababu tuko mbali na bandari, na mahindi yakashuka bei kwa sababu tuko mbali na mlaji. Umbali uleule ulikatwa mara mbili kwa mtu mmoja.

Hesabu yenyewe si ngumu, na kila dalali anaijua. Mnunuzi wa soko la Tandale, Dar es Salaam, ana bei yake ambayo hawezi kuivuka. Anatoa nauli ya lori, anatoa ushuru wa halmashauri, anatoa gharama ya kupakia na kushusha, anatoa faida yake, na kinachobaki ndicho anachomtajia mkulima. Kwa mkulima aliye kilomita 300 kutoka Dar es Salaam kinabaki kitu. Kwa aliye kilomita 1,100 kinabaki kidogo, na hicho kidogo kinapunguzwa tena na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Nawaomba wale kati yenu ambao hawajawahi kusimama kando ya mkulima anayeuza kwa lumbesa wafanye hivyo siku moja: gunia ni madebe sita, lakini mdomo wake unaongezewa kipande cha gunia jingine, mahindi yanashindiliwa kwa miguu, kamba inashonwa juu ya kichwa kilichotuna, na mle ndani yameingia madebe saba au manane kwa bei ya sita. Sheria ya vipimo inakataza. Mkulima analijua hilo vizuri sana, lakini pia anajua kwamba lori likiondoka bila mahindi yake, jingine linaweza kuchukua wiki mbili kupita.

Mageuzi yale hayakuifanya nchi nzima kuwa maskini, na huo ndio msingi wa barua hii. Yaliihamisha neema kutoka mahali hadi mahali. Tazameni Kibaigwa. Iko wilayani Kongwa, Dodoma, katika ukanda uleule mkavu ambako mwishoni mwa miaka ya arobaini Waingereza walimwaga fedha nyingi kulima karanga wakashindwa, mojawapo ya sababu ikiwa uhaba wa mvua. Leo Kibaigwa ina soko la nafaka linalojulikana Afrika Mashariki yote. Haikupata mvua zaidi. Ilichokuwa nacho ni lami ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Dodoma, na mara baada ya bei moja kuondolewa, lami hiyo ikawa na thamani kuliko mvua ya Ufipa. Mahindi yalianza kutafutwa karibu na Dar es Salaam, hata kwenye ardhi isiyo na uhakika wa mavuno, na mashamba yakapanuka kuelekea Kiteto na kwingineko ambako ardhi ilikuwa bado haijachoka na haikuhitaji mbolea. Sisemi kwamba soko peke yake ndilo lililoleta uhasama wa wakulima na wafugaji uliomwaga damu Kiteto, kwa maana migogoro ile ina mizizi mingi. Ninachosema ni kwamba kanuni ya bei iliyoandikwa ofisini ilisogeza mashamba, na mashamba yalipofika kwenye malisho ya watu wengine, hapakuwa na ofisi iliyokuwa imejiandaa kwa hilo.

Hata ndani ya ile mikoa minne hatukuangukia sawa. Waliokaa kandokando ya barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA walipata pa kushika. Njombe, iliyokuwa sehemu ya Iringa, iligeukia viazi mviringo, mbao, na baadaye parachichi. Rungwe nayo ikawa na ndizi, chai na parachichi. Mbarali ikaendelea na mpunga. Hayo ni mazao ambayo thamani yake kwa kilo inaweza kubeba nauli. Sisi tulio pembeni ya njia, Rukwa na sehemu kubwa ya Ruvuma, tulibaki na mahindi, zao zito lenye bei ndogo, ambalo ndilo zao baya kuliko yote kwa mtu anayekaa mbali. Wengi walipunguza mbolea, wengine wakarudi kwenye ulezi na maharage, na baadhi ya akina mama wakaendelea na intumbila, vile vilima vya majani yanayofukiwa ili yaoze na kurutubisha udongo, ambavyo mabwana shamba walikuwa wamevibeza miaka iliyotangulia. Barabara ya lami kutoka Tunduma hadi Sumbawanga ilikuja kujengwa katika mwongo wa pili wa karne hii, zaidi ya miaka ishirini baada ya mageuzi kututaka tushindane sokoni. Nawaachia ninyi kupima kama mashindano yalikuwa ya haki.

Mtaniambia kwamba takwimu zinaonyesha Nyanda za Juu Kusini bado zinaongoza kwa mahindi. Ni kweli, zinaongoza, na mimi mwenyewe ni mmoja wa wanaozifanya ziongoze. Lakini tani hazielezi nani amebaki na nini. Mtu asiye na zao jingine hulima mahindi hata yanapomtia hasara, kwa sababu angalau atakula, na ziada atakayoiuza kwa bei ya kutupa itaonekana kwenye taarifa ya mkoa kama ushahidi wa mafanikio. Nimesikiliza taarifa nyingi za namna hiyo zikisomwa mbele ya wageni.

Kwa bahati nzuri jiografia ina pande mbili. Ukiitazama Rukwa kutoka Dar es Salaam iko mwisho wa nchi. Ukiitazama kutoka Nakonde au Kasama, kule Zambia, au ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, iko mlangoni. Soko huria lilipotunyima Dar es Salaam lilitupatia mpaka. Tunduma ilikua ikawa mji wa malori usiolala, bandari ya Kasanga ikawa na maana tena, na mkulima wa Laela akajifunza kuuliza bei ya Zambia na Kongo kabla ya kuuliza bei ya Tandale. Mwaka 2024, ukame mkali ulipoipiga Zambia, nchi hiyo ilikubaliana na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, kununua tani 650,000 za mahindi. Mara moja moja, basi, umbali unatulipa.

Ndiyo maana kufungwa kwa mpaka kunatuumiza kuliko wengine. Mwaka 2011 usafirishaji wa mahindi nje ulizuiwa. Juni 2017 ukazuiwa tena, mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanavunwa. Naelewa sababu: Serikali inaogopa njaa mijini, na hakuna serikali inayopenda kulaumiwa kwa bei ya unga. Lakini tazameni mzigo wa amri hiyo unaangukia wapi. Mkulima wa Kibaigwa mpaka ukifungwa bado ana Dar es Salaam na Dodoma. Mimi mpaka ukifungwa narudishwa mwisho wa nchi, na bei moja iliyokuwa ikinilinda huko mwisho wa nchi ilishaondolewa zamani. Yaani nanyimwa soko huria na nanyimwa pia ulinzi uliofutwa kwa jina la soko huria. Msimu ule wa 2017 niliuza gunia kwa bei ambayo haikufika shilingi 30,000, na mwaka uliofuata nikapunguza ekari, kama walivyofanya majirani zangu wengi. Jambo hili lina pande zote mbili, kwa kuwa Machi 2021 Kenya ilipoyazuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, ilikuwa zamu ya maofisa wetu kueleza jinsi amri ya ghafla mpakani inavyomharibia mkulima. Walieleza vizuri sana. Ningependa maelezo yale yatumike pia tunapojiwekea amri wenyewe.

Sasa nije kwenye ninayoyaomba.

Jambo la kwanza na kubwa ni kwamba amri yoyote ya kuzuia mahindi yetu kuuzwa nje ya nchi isitolewe katikati ya msimu, na ikiwa lazima itolewe, basi siku hiyohiyo Serikali itangaze kiasi itakachonunua katika mikoa ya mpakani na bei itakayolipa. Anayefunga mlango awe na kitu cha kumpa aliyefungiwa ndani.

Pili, na hapa najua Mheshimiwa Waziri wa Fedha ataniangalia kwa mashaka, naomba tofauti ya umbali ilipwe waziwazi. NMC iliilipa kwa kujificha, ndani ya madeni, mpaka yakaliangusha shirika lenyewe, na kwa kuogopa kosa lile tumekwenda upande wa pili na kujifanya kwamba umbali haupo. NFRA tayari inanunua mahindi Sumbawanga na Songea, na vimejengwa vihenge vya kisasa vya kuhifadhia nafaka kwa mkopo kutoka Poland, Sumbawanga ikiwa mojawapo ya maeneo hayo. Kinachokosekana ni utaratibu unaojulikana. Bei ya NFRA inayotangazwa mahindi yakiwa tayari yamekauka shambani humsaidia mwenye nafasi ya kusubiri, ambaye mara nyingi ni mfanyabiashara aliyekwisha kununua ya wenziwe. Itangazwe kabla ya kupanda, iwe na kiwango cha nyongeza kwa mikoa iliyo mbali, kiwango hicho kipigiwe kura bungeni kwenye fungu lake, na wabunge wa mikoa mingine wakikikataa wakikatae mchana kweupe. Huenda nyongeza ikawa ndogo. Afadhali ndogo inayojulikana Oktoba kuliko kubwa inayotangazwa jukwaani Agosti.

Kuhusu mbolea, nashukuru kwa ruzuku iliyozinduliwa Mbeya Agosti 2022, ambayo ilishusha mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, kutoka takribani shilingi 131,000 hadi 70,000. Hilo lilikuwa jambo kubwa na sitaki lipite bila kutajwa. Lakini bei hiyo inaishia kwa wakala, na wakala yuko mjini. Mwenye shamba bondeni huko ziwani hulala mjini kungoja foleni, kisha hulipa bodaboda kubeba mfuko mmoja mmoja, na wakati mwingine mfuko hupasuka njiani akafika na robo tatu yake. Vituo vya kuuzia vikisogezwa kwenye maghala ya vyama vya msingi, mengi ambayo yanakaa matupu kuanzia Oktoba, sehemu ya nauli hiyo itaondoka bila kuongeza ruzuku hata shilingi moja.

Halafu kuna TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini hati ya makubaliano ya kuifufua reli hiyo, na mazungumzo mengi niliyoyasikia ni juu ya shaba ya Zambia kufika bandarini. Shaba ipite, hatuna kinyongo nayo. Lakini reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa kwa jasho la wakulima pia isipite Tunduma, Mbeya na Makambako bila behewa la nafaka. Naomba mikataba iwe na sharti la idadi ya mabehewa ya mazao ya ndani kwa msimu, kwa nauli iliyochapishwa, na vihenge viunganishwe na stesheni hizo kwa ratiba ya malori. Gunia likisafiri kwa reli kutoka Tunduma, umbali wetu unapungua kwa namna ambayo hakuna waraka wa bei unaoweza kuiga.

Mwisho naomba jambo la karatasi tu. Kila muswada wa fedha na kila waraka wa kubadilisha biashara ya mazao uambatane na ukurasa mmoja unaoonyesha, mkoa kwa mkoa, gharama ya kulifikisha gunia sokoni kabla ya badiliko na baada yake. Kazi hiyo haihitaji mshauri kutoka nje. Makarani wa vyama vya msingi wanaweza kuijaza, kwa sababu nauli ya lori wanaijua kwa kichwa, ya kiangazi na ya masika.

Mvua za kwanza huku kwetu huanza Novemba, na mbegu hununuliwa kabla ya hapo. Bei na masharti ya mpaka yakitangazwa Oktoba, kila mmoja wetu ataweza kukaa na familia yake na kuamua ni ekari ngapi za mahindi na ngapi za maharage.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkulima, Uwanda wa Ufipa, Rukwa